Mkono wa Nani? Maneno ya Sahihi, Makato na Zuio

Kiswahili kina neno moja kwa jambo lisilo na kosa na kwa alama ambayo mtu huichora chini ya karatasi ili ijulikane kuwa ni yake. Jibu la hesabu likiwa sawa, ni sahihi. Jina la mwenye akaunti likiviringwa kwa wino mwishoni mwa hundi, nalo ni sahihi. Mwarabu tuliyelichukua neno kwake hana matumizi hayo ya pili. Alama ile yeye huiita kwa jina jingine kabisa. Sisi ndio tuliolitoa neno kwenye sifa tukalifanya jina la kitu.

Njia iliyolifikisha hapo naiona katika nyaraka za kale za Oman na Unguja. Mtu aliyekiri deni au aliyeuza shamba hakuishia kuchora jina. Chini ya maandishi ya karani aliandika sentensi fupi ya Kiarabu, yenye maana kwamba hayo ni sahihi na kwamba fulani ameyaandika kwa mkono wake. Naamini neno la kwanza la sentensi hiyo ndilo lililobaki likawa jina la kitendo kizima. Basi anayetia sahihi, kwa asili ya neno, anatoa ushahidi. Anasema: nimesoma, ni kweli, nakubali.

Watazame na ndugu zake. Siha, ile afya tunayotakiana katika barua, ni mzizi uleule. Kusahihisha daftari la mwanafunzi ni, kwa mzizi wake, kuliponya. Hundi yenye sahihi ni hundi nzima, isiyo na ugonjwa. Sijui lugha nyingi ambazo mteja akisimama mbele ya dirisha la benki na kalamu mkononi anaombwa, kwa neno moja, jina lake, ukweli na afya.

Saini limetoka kwa Mwingereza. Limekaa vizuri mdomoni, limezaa kitenzi chake, na kurasa za michezo zimelipa umaarufu: mchezaji amesaini miaka miwili, basi, kila mtu ameelewa. Sina ugomvi nalo. Ila naona tunaweza kugawa kazi. Kusaini kubaki kwa watu wanaofunga mapatano hadharani, mbele ya kamera na kupeana mikono. Sahihi ibaki kwa ile alama ambayo benki huitunza, huitazama na huilinganisha. Mwalimu aliyesaini mkataba wa kazi akienda kutoa fedha, atatia sahihi. Fomu nyingi za benki leo huchanganya yote mawili katika ukurasa mmoja, juu saini na chini sahihi, kana kwamba mteja ataombwa vitu viwili.

Kabla ya hayo kulikuwa na kutia mkono. Wazee bado husema: niletee karatasi nitie mkono. Na mkono ulikuwa pia mwandiko. Mtu alitazama barua akasema, huu si mkono wake. Hati vilevile. Kwa Kiarabu ni mstari, ni maandishi. Kwetu ikawa mwandiko wa mtu na ikawa waraka wenye nguvu ya sheria, hati ya nyumba, hati ya shamba. Lugha haikuona haja ya kutenganisha waraka na mkono ulioandika. Waliotuachia maneno haya walijua kwamba karatasi isiyo na mkono wa mtu ni karatasi tu.

Dole gumba ndilo lililosafiri mbali kuliko yote. Asiyejua kuandika alichovya dole kwenye wino wa zambarau akaligandamiza mahali pa sahihi, na kwa muda mrefu doa lile lilikuwa fedheha. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wapo walioingia darasani wakiwa na shabaha moja, kuandika majina yao badala ya kutia dole. Halafu, tarehe 1 Mei 2019, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ukaanza nchi nzima, na profesa na mchunga ng'ombe wakapanga foleni moja kutia dole. Sasa kidole ndicho kinachoaminiwa na sahihi ndiyo inayoshukiwa. Angalia lugha ilivyofuata: zamani tulisema dole gumba, neno la mtu asiyesoma, leo tunasema alama za vidole, neno la mitambo. Kidole ni kilekile.

Tuingie ndani ya benki. Ni Tabora, msimu wa malipo ya tumbaku, na ukumbi wa tawi umejaa watu wa vyama vya msingi kutoka vijijini. Akaunti ya chama haifunguliwi na mtu mmoja. Ina watia sahihi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na fomu haitembei bila wao. Mzee niliyemtazama alikuwa na vidole vilivyoshika weusi wa utomvu wa tumbaku. Alitia sahihi taratibu, akaisogeza karatasi chini ya kioo. Binti wa dirishani akaitazama karatasi, akatazama skrini, akarudia. Kisha kwa sauti ya adabu: “Shikamoo mzee wangu. Sahihi imekataa.”

“Marahaba. Imekataaje, mwanangu, na mimi ndiye niliyeitia?”

Swali lile lina haki yake kisarufi. Sahihi haikatai. Sahihi imelala pale kwenye karatasi. Anayekataa ni karani, kwa kanuni ya benki, na ni haki yake kukataa. Lakini lugha ya dirishani imemwondoa mtu ikampa karatasi kazi ya mtu. Ndivyo tunavyosema mtandao umekataa, mashine imekataa, mfumo umekataa. Kila mara mkono fulani umefichwa nyuma ya kitu. Ningependa kusikia: mzee wangu, sahihi hizi mbili hazilingani. Hapo mzee anajua tatizo ni baina ya nini na nini, na anajua la kufanya.

Hazilingani, nimesema, si hazifanani. Kufananisha ni neno la hatari mahali hapa. Tunasema, samahani, nilikufananisha, tukiwa na maana kwamba tulimdhania mtu kuwa mwingine. Neno lilelile linabeba kazi na kosa la kazi hiyo. Karani anayefananisha sahihi anaweza kuwa anafanya wajibu wake au anaweza kuwa amekwisha kukosea, na sentensi haitakwambia ni lipi. Nimeiona fomu yenye maneno “sahihi imefananishwa na”, ikifuatiwa na nafasi ya jina. Naomba ibadilishwe.

Kuhakiki ni zito zaidi. Ndani yake mna haki na hakika. Wasomi wamelipa uhakiki wa vitabu, serikali ikalipa uhakiki wa vyeti, ule wa 2016 na 2017 ambao watumishi wengi hawataki kukumbushwa. Kuhakiki kunamtazama mtu: je, huyu ndiye? Kulinganisha kunatazama vitu viwili: je, hiki ni sawa na kile? Kuthibitisha huja mwisho, baada ya shaka kuondoka, kwa sababu thabiti ni kitu kilichosimama kisichotikisika. Kazi ya dirishani basi ina hatua tatu zenye majina tayari. Karani hulinganisha sahihi, humhakiki mteja kwa kitambulisho, ndipo huthibitisha malipo. Kukagua tuwaachie wakaguzi wa hesabu, wanaokuja baada ya siku ya kazi kwisha.

Na ile sahihi ya kwanza, uliyoitia siku ya kufungua akaunti, ambayo nyingine zote hupimwa kwayo? Mabenki huiita sampuli ya saini, au mfano wa sahihi. Sampuli ni kijiko cha mchele unachoonjeshwa sokoni kabla ya kununua gunia. Mfano ni kitu kinachoweza kuwa chochote cha aina yake. Sahihi hii si moja kati ya nyingi. Ni asili ya zote. Kiswahili cha leo kina njia nzuri ya kusema hivyo: kampuni mama, chama mama, jedwali mama. Napendekeza sahihi mama. Mzee wa tumbaku angeambiwa, sahihi hii hailingani na sahihi mama uliyotuachia, njoo tuiandike upya. Angeelewa bila kuelezwa.

Kughushi halina mpinzani, tuliache lilivyo. Sauti yake yenyewe inanuka hila.

Tabora haikungoja benki ije ndipo ijue karatasi ya fedha. Mji huu, Kaze ya wasafiri wa karne ya 19, ulikuwa njiapanda ya barabara itokayo Bagamoyo: mkono mmoja ukienda Ujiji, mwingine ukielekea Karagwe na Buganda. Msafiri Burton alipofika mwaka 1857 alikaribishwa na Mwarabu Snay bin Amir, na aliwakuta wafanyabiashara wakiishi kwa vitu walivyokopa pwani. Miongoni mwa waliofungua biashara ya Unyanyembe alikuwa Musa Mzuri, Mhindi mwenye asili ya Surat. Kule Unguja, tajiri Taria Topan alimkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, vitambaa vya marekani na shanga, na mwenyewe Tippu Tip anaeleza mikopo ya namna hiyo katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili. Msafara ulikuwa deni linalotembea kwa miguu.

Ndiyo maana tuna hundi. Neno ni la Kihindi, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakiandikiana hundi karne nyingi kabla ya Mwingereza kufungua benki Afrika Mashariki. Wapo wanaodhani hundi ni neno la kubuni la BAKITA na kwamba cheki ndilo la asili kwa kuwa ndilo wanalolisikia mjini. Ni kinyume. Hundi lina ukoo. Cheki ni mgeni wa juzi. Nikitaka kuandika kwa heshima naandika hundi, na nikimsikia mtu anasema cheki simsahihishi, kwa sababu cheki limebanwa upande wa pili na kitenzi kucheki, na punde si punde litalemewa lenyewe.

Hawala ni kubwa kuliko hundi. Kwa sheria ya Kiislamu ni kulihamisha deni kutoka shingo moja kwenda nyingine: nakudai, mimi nadaiwa na fulani, basi mlipe yeye. Mzizi wake ni wa kugeuka na kubadilika, ndimo ilimotoka hali. Tungeweza kudhani neno limekufa, kumbe limejificha ofisini: TASAF inapozipelekea kaya maskini fedha, mpango wake huitwa uhawilishaji wa fedha. Neno la madalali wa Forodhani sasa linamfikia bibi wa Sikonge mwenye wajukuu wanne. Nalifurahia kila nikilisoma. Kuhamisha fedha ni kuisogeza tu. Kuhawilisha kuna mtu anayewajibika kila upande.

Hela nayo ina Tabora ndani yake. Ni heller ya Wajerumani, mia moja kwa rupia moja, iliyoletwa mwaka 1904. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipobana, Wajerumani wakihamishia serikali yao Tabora, walifanya karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu. Mwaka 1916 zilitoka hapo hela za shaba zenye herufi T, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Karatasi nayo ilikosekana. Benki yao ikatoa noti za muda mwaka 1915 na 1916, na nyingi zilitiwa sahihi kwa kalamu, moja moja. Hebu fikiri: noti isiyo na mtambo wa kuilinda, ikitegemea mkono wa mtu tu iaminike. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Rupia ikaondoka, noti zikawa takataka, hela likabaki neno la kila siku la nchi nzima.

Kuna neno jingine la njia ile ambalo ningetaka kila mwandishi wa mikataba ya benki alijue: hongo. Msafara ulipopita katika nchi ya mtawala ulilipa hongo kwa nguo, shanga au waya, na Ugogo ilisifika kwa hongo zake nzito. Haikuwa kosa. Ilikuwa malipo ya njia, yaliyojadiliwa kwa siku kadhaa, yaliyojulikana na kila mpagazi. Leo hongo ni rushwa na linampeleka mtu mahakamani. Neno halikuanza na aibu. Liliipata njiani, pale malipo ya wazi yalipogeuka malipo ya gizani. Nalikumbuka ninaposoma orodha ya tozo kwenye karatasi ya benki, zikiwa zimeandikwa kwa herufi ndogo mno. Tozo ni neno safi. Likitumiwa gizani litapata aibu hiyohiyo.

Sasa makato. Hapa mtumishi wa umma hahitaji kamusi. Mshahara ukitoka, anafungua karatasi yake na kuangalia makato kabla ya kuangalia kilichobaki. Kodi, mfuko wa jamii, bima, chama cha wafanyakazi, Bodi ya Mikopo na asilimia zake 15. Nimekatwa, husema, kwa kitenzi cha kutendwa, na mkataji hatajwi. Mkulima wa tumbaku naye anajua: pembejeo alizokopeshwa hukatwa kwenye mauzo kabla fedha haijamfikia. Kwa hilo watu wametunga maneno ambayo hakuna kamati ingeyatunga: amekatwa juu kwa juu. Fedha ilikuwa bado hewani, haijagusa mkono, ikakatwa ikiwa inapita.

Unyamwezini kukata kuna cheo. Mtemi, kama wazee na wanahistoria wengi wanavyolieleza neno, ametokana na kutema, kukata: kuukata msitu ili watu wakae, kuikata kesi ili watu wapatane. Mkataji alijulikana kwa jina, kwa kiti chake na kwa ukoo wake, na watu walijua pa kumfuata. Makato ya leo yana kitendo bila mtemi.

Lakini makato hayatoshi kwa jambo ninalolifukuzia. Kuna malipo ambayo hayakatwi juu kwa juu. Fedha imekwisha kufika kwenye akaunti yako, imelala, ni yako. Kisha kampuni ya bima, king'amuzi au mkopo inaiagiza benki, na benki inaitoa humo mwezi hadi mwezi kwa ruhusa uliyoiandika siku moja na labda umeisahau. Vipeperushi vya benki huyaita malipo ya moja kwa moja. Jina hilo halisemi kitu. Nikimlipa muuza nyanya mkononi, hayo ndiyo malipo ya moja kwa moja. Jambo lenyewe ni kwamba silipi mimi, mwingine anachukua.

Wengine hulichanganya na agizo la kudumu, ambalo ni kinyume chake. Katika agizo la kudumu mimi ndiye ninayeiamuru benki: kila tarehe mosi mpelekee mama kiasi hiki. Kiasi nakijua, tarehe nimeitaja, na amri imetoka kwangu. Katika lile jingine kiasi hutajwa na anayechukua. Kuna waliotafsiri kwa haraka wakaandika deni la moja kwa moja, na hilo ni kosa la wazi: anayechukuliwa fedha ya bima hadaiwi na mtu. Wengine huandika debiti. Debiti na krediti tuwaachie wahasibu chumbani kwao.

Tunahitaji kitenzi chenye mkono wa mwingine unaoingia kwangu. Kuvuta kunakaribia, ila kunavuta na mengi, sigara na watu. Kuteka kulinivutia kwa sababu ya maji. Lakini kwa Mtanzania wa leo kuteka ni kumkamata mtu na kutokomea naye, na siwezi kumwambia mteja kwamba akaunti yake itatekwa kila mwezi. Kimebaki kuchota. Unachota maji mtungini kwa kata, kiasi fulani, mengine yakabaki. Nomino yake ipo tangu zamani: mchoto, kiasi kinachochotwa kwa mara moja. Basi makato ni ya juu kwa juu, agizo la kudumu ni amri ya mwenyewe, na mchoto ni kile ambacho mwingine hukichukua akauntini mwako kwa ruhusa yako.

Najua pingamizi litakalokuja. Magazeti yamelichafua neno. Fedha zilipoibwa katika akaunti ya madeni ya nje, EPA, Benki Kuu, mwaka wa fedha wa 2005/2006, zaidi ya shilingi bilioni 133, vichwa vya habari vilisema zimechotwa, na tangu hapo kuchota ni kazi ya mafisadi. Nimelipima hilo, na bado nalitaka neno. Aibu yake ndiyo faida yake. Mchoto wa ridhaa ni halali. Mchoto usio na ridhaa ni wizi. Lugha yenyewe inamlazimisha anayechota aonyeshe karatasi. Malipo ya moja kwa moja hayamlazimishi mtu kuonyesha chochote.

Mitandao ya simu imelitambua jambo hili mapema, ila kwa majina ya upande mmoja. Songesha, mpango wa kwetu, na Fuliza, ulioanza Kenya Januari 2019, humsaidia mtu kukamilisha malipo salio likipungua, na fedha inayoingia baadaye huchotwa kufidia. Fuliza ni Kiswahili cha kupendeza, kufululiza bila kukatika. Songesha ni kusukuma mambo mbele. Majina yote mawili ni vitenzi vya kutia moyo, na yote mawili yanasimulia nusu ya kwanza ya habari. Nusu ya pili mteja huisoma kwenye ujumbe mfupi, fedha ikiwa imekwisha kwenda.

Ndipo mtu anapofika benki kusema: inatosha. Aseme neno gani?

Kufunga na kufungia vinatofautiana kwa irabu moja, na irabu hiyo ni kila kitu. Akaunti iliyofungwa imekwisha. Umeaga, umechukua salio, umeondoka. Akaunti iliyofungiwa ipo, ila mwenyewe hawezi kuigusa, kwa amri ya mahakama au kwa sababu amekosea namba ya siri. Kiambishi cha kutendea kimemwingiza mtu wa pili, mfungiaji. Mteja anayetaka kuisimamisha kampuni moja tu isichote hataki lolote kati ya haya. Akisema nifungieni, anaweza kurudi kesho akakuta hata ada ya mtoto haitoki.

Kugandisha ni tafsiri ya barafu ya watu wengine. Uji huganda, damu huganda, fedha haigandi. Kubloku nakusikia kwa vijana wanaofungiana simu, na najua litadumu, lakini barua ya benki si mahali pake. Kusitisha ni zuri na lina kipimo chake: limetoka kwa kusita, kwa hiyo ni kusimamisha kwa muda. Asemaye nisitishieni mchoto wa mwezi huu ameomba pumziko la mwezi huu, na mwezi ujao utachotwa. Kufuta kunahusu ruhusa yenyewe, na ruhusa ikifutwa hairudi mpaka iandikwe tena.

Kuzuia ndilo neno. Njia ile ya misafara inalijua. Mwaka 1871, mtemi Mirambo alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe, alifunga njia ya Ujiji, na msafiri Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Watu wa Tabora walijua kwamba njia ya hongo na njia iliyozuiwa ni mambo mawili: kwenye hongo unapita ukilipa, kwenye zuio hupiti kwa malipo yoyote. Mahakama zetu zinalo tayari, zuio la mahakama, na wasomaji wa magazeti wanalielewa. Benki ichukue zuio la mchoto. Jina fupi, lina mipaka: kinachozuiwa ni mchoto, si akaunti wala si mwenye akaunti.

Limebaki neno la ruhusa. Idhini, kibali, ruhusa, ridhaa. Kibali hutoka juu kwenda chini. Serikali humpa raia. Ruhusa mtoto huomba. Idhini ina harufu ya ofisi na muhuri, nayo inafaa kwa bodi inayoidhinisha bajeti. Ridhaa imetoka moyoni, ni dada wa radhi, ile ambayo mtu huomba kwa mzazi kabla ya safari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeandikwa kwa Kiswahili, na humo ridhaa imepata makao ya kisheria. Tuichukue na benki. Kwa kuwa tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, neno litakaloandikwa kwenye fomu ya mchoto linaweza kusomwa mbele ya hakimu kama lilivyo, bila mkalimani wa kulitetea.

Ninyi mnaoandika fomu, na ninyi mnaozijaza, lipimeni hili kwa barua moja:

“Mimi, mwenye akaunti iliyotajwa hapo juu, naondoa ridhaa yangu kwa michoto ya kampuni hii kuanzia tarehe ya barua hii. Naomba benki iweke zuio, na mchoto wowote utakaoletwa kwa jina la kampuni hiyo urudishwe. Akaunti isifungwe wala isifungiwe; niendelee kuweka na kutoa kama kawaida. Sahihi yangu ni hii, ilinganishwe na sahihi mama.”

Nimeandika urudishwe, sikuandika ukataliwe. Hapa kukataa ni kwa mwenye mali, na mwenye mali amekwisha kukataa katika sentensi ya kwanza. Benki kazi yake ni kurudisha, na kumwambia aliyeleta nani amekataa.